Alhamisi Baba Husafiri

Wakazi wenzangu, nawasimulia haya nikiwa nimechoka, na sioni haya kusema hivyo. Nimechoka kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo, likakuzwa na watu wazima wenye akili zao, na mmoja wao ni mimi. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kimegusana ukuta na duka la dobi, yule ambaye mtaa mzima unamwita Kola kwa jinsi anavyozipiga pasi kola za mashati mpaka zinasimama zenyewe. Tumepakana miaka kumi na moja. Akikohoa nasikia, nikipiga nyundo anasikia.

Acheni kwanza niwapeleke kwenye asubuhi moja nzuri, maana zilikuwepo. Ilikuwa mwisho wa mwezi, siku ya Alhamisi. Kola alikuwa mezani pale uani na pasi yake, anapiga mluzi wimbo ambao haujui wote, kwa hiyo akifika katikati anarudi mwanzo. Mkewe, ambaye mimi namwita shemeji, alikuwa pembeni anaanika. Kamba tatu zilijaa mashuka, mashati na sare za wahudumu wa hoteli. Chini ya kibanda cha mabati mashine ya kufulia ilikuwa inanguruma, ile waliyoinunua kwa mkopo baada ya mgongo wa shemeji kugoma kuinama. Harufu ya sabuni ilikuwa inafika mpaka kwangu, ikapigana na harufu ya gundi yangu na kuishinda.

Ndipo akaja mama mmoja mjane anayekaa nyumba za nyuma, kama alivyokuja kila mwisho wa mwezi, na shati moja mkononi. Shati la buluu, la mikono mirefu. Ndugu zangu, shati lile halikuwa chafu. Lilikuwa halijavaliwa na mtu kwa miaka minne, tangu mumewe alipofariki. Yule mama hulitoa kabatini, akalileta. Kola hulifua kwa mikono, peke yake kwenye beseni, akalipiga pasi, akalikunja na kutia karatasi ngumu ndani ili lisijikunje, na mama akalirudisha kabatini hadi mwezi ujao. Siku moja nilimuuliza Kola kwa nini asimwambie mama wa watu kwamba analipia kufuliwa hewa. Aliniangalia kana kwamba nimemtukania mzazi.

"Fundi, kanipa nifue, nafua," akasema. "Yaliyobaki ni yake."

Kuna jambo mnapaswa kulijua kuhusu duka lile. Halina risiti. Kola hushona uzi wa rangi ndani ya kola au ndani ya mkanda wa suruali, kila mteja na rangi zake, na zote anazo kichwani. Uzi wa yule mjane ulikuwa mweupe na kijani. Watu huja, wanaacha suti za harusi, nguo za kazi, mashuka mazuri waliyoletewa na watoto wao, na wanaondoka bila hata kijikaratasi. Duka zima lilisimama juu ya hilo tu, kwamba ukimpa Kola nguo yako utaipata, tena imenyooka. Mwondolee hilo na hana tena duka, ana beseni na sabuni.

Mjane alikuwa hajafika mbali alipoingia mwanamke mwingine, mwembamba, kabeba faili kubwa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Tulikuja kumwita Mama Faili. Alisalimia vizuri tu, akasema ametoka ofisi ya mikopo. Mluzi wa Kola ukakatika.

Lazima niwe mkweli kwa jirani yangu. Hakuwa mlevi, hakucheza kamari, hakuwa na nyumba ndogo. Miezi minane alilipa mkopo wake bila kuchelewa hata siku moja. Kisha maji yakakatika mtaani. Nyote mnakumbuka, maana nyote mlinunua madumu kama mimi. Sasa fikirieni mtu ambaye kazi yake ni maji. Mashine ile ilikuwa inayanywa kama imetoka jangwani, na kila dumu lilikuwa na bei yake. Mwezi wa tisa Kola akapungukiwa. Hakukosa kabisa, alipungukiwa. Alikuwa na karibu nusu ya kilichotakiwa.

Hapo ndipo alipokosea, na hapo ndipo wengi wetu hukosea. Badala ya kuipeleka ile nusu, aliificha. Mkewe alimwambia, nami nikawasikia kupitia ukutani.

"Baba watoto, si uende hata na hii? Ni bora kuliko mikono mitupu."

"Niende na vijisenti hivi wanicheke? Nikizipata zote nitakwenda mwenyewe, niwawekee mezani, nitoke kifua mbele."

"Na usipozipata zote?"

"Nitazipata."

Hakuzipata, jamani. Fedha iliyofichwa ndani ya nyumba yenye shida haikai. Leo gesi, kesho daftari la mtoto, keshokutwa madumu mengine ya maji. Mwezi ulipokwisha ile nusu ilikuwa imeliwa, na sasa alidaiwa ya miezi miwili.

Asubuhi ile ya kwanza alimwomba Mama Faili wiki moja. Alhamisi iliyofuata akaomba nyingine. Alhamisi ya tatu alimwona anakuja tangu kule kwa muuza mkaa. Akaingia chumba cha mbele, akatoa mkono dirishani na kunipa kufuli.

"Fundi, nifungie kwa nje. Akiuliza, nimesafiri."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa siku moja, na jirani ni wa kusaidiana. Nikafunga, nikatia ufunguo mfukoni, nikarudi kwenye kiti changu na kuchukua nyundo. Mama Faili akafika, akatazama kufuli.

"Mwenyewe yupo?"

"Kasafiri."

"Haya. Nitarudi."

Akaondoka, nikafungua, Kola akatoka akiwa anapangusa jasho. Tukapigana viganja kama tuliofunga goli. Watu wazima, wenye mvi.

Basi ikawa desturi. Kila Alhamisi, saa nne hivi, jirani yangu alikuwa anasafiri. Alisafiri hatua sita, kutoka mezani hadi nyuma ya mlango wa chumba cha mbele, na safari yake ilidumu nusu saa. Kama shemeji yupo, yeye ndiye aliyefunga. Kama hayupo, ni mimi. Binti yao mdogo wa darasa la pili naye alifundishwa maneno, na aliyasema vizuri kuliko sisi sote kwa sababu alitazama mtu usoni.

Siku moja shemeji alinionyesha daftari la yule mtoto. Mwalimu aliwaambia waandike kuhusu kazi za wazazi wao. Mtoto aliandika kwa mwandiko wa kujikaza: *Baba yangu ni dobi. Anafua nguo za watu. Alhamisi baba husafiri. Husafiri chumba cha mbele.* Chini yake mwalimu aliweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Tulicheka mpaka machozi. Kisha shemeji akaacha kucheka, ila machozi yakaendelea.

"Nimechoka, shemeji yangu," akaniambia. "Zamani akisema kitu mtoto nilikuwa najua ni kweli. Sasa namuuliza mara mbili. Na hata nikimkuta kadanganya, nitamwambia nini mimi?"

Nikamwambia mambo yatakaa sawa, maneno tunayoyasema tukitaka mtu aondoke.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa nazungumza habari zangu mwenyewe. Mama Faili alikuwa anatembea sana kwa miguu, na viatu vyake vilikwisha. Alhamisi moja, baada ya kuambiwa kama kawaida kwamba mtu kasafiri, alikaa kwenye benchi langu, akavua kiatu cha kushoto na kunipa. Soli ilikuwa imeachama.

"Nishikizie tu, kaka. Leo nina nyumba kumi na nne."

Nikashona. Akawa anajipapasa kisigino kilichochubuka, faili mapajani.

"Huyu jirani yako ni rafiki yako?"

"Tunasalimiana," nikasema. Mnaona uongo unavyozaa?

"Mwambie aje ofisini. Asisubiri kupata zote. Aje hata na robo, hata na kidogo kuliko robo, aseme kilichompata. Mtu akija mwenyewe, faili lake linabaki kwangu na tunapanga upya. Asipokuja, linapelekwa juu, na huko juu hawamjui mtu. Tena si tumemwandikia? Barua nne."

"Nitamwambia akirudi."

"Akirudi," akasema, na akaangalia kufuli kwa muda. Alinilipa, akavaa kiatu, akaenda zake.

Je, nilimwambia Kola? Nilimwambia. Lakini nilimwambia kwa sauti ya kuonya, kwamba ule ni mtego, anataka kumtoa pangoni. Mimi ambaye sijawahi kukanyaga ofisi ile nilijifanya mjuzi wa hila zake. Kola akakubali haraka, kwa sababu woga ukipewa sababu unashukuru.

Na zile barua? Ngojeni niwaambie kuhusu zile barua. Zilikuja kwenye bahasha nene za kaki, ngumu, zenye jina lake mbele. Kola hakufungua hata moja. Alikuwa anaziangalia kana kwamba zitamuuma. Sasa kwa kuwa karatasi ngumu za kutilia kwenye mashati zilikuwa zimemwishia, na kununua nyingine hakuweza, alianza kuzitumia bahasha zile. Anaikunja mara moja, anaisukuma ndani ya shati lililokunjwa, jina likiwa limefichwa ndani, kola inasimama kama askari.

"Angalau zina kazi," akaniambia huku akicheka kicheko kisichofika machoni. "Zinanyoosha shati la mtu."

Moja aliitia kwenye shati la buluu la yule mjane. Nilimwona kwa macho yangu.

Mwezi ukapita. Mjane akaleta tena shati lake, jioni ya Jumatano. Kesho yake, Alhamisi, Kola aliamka mapema akalifua kwa mikono kama kawaida, akalianika mwishoni mwa kamba ya tatu. Shemeji alikuwa amekwenda kumwangalia mama yake mgonjwa. Mtoto alikuwa shuleni. Saa nne ilipokaribia Kola akanipa kufuli, nikamfungia, ufunguo mfukoni, nikakaa.

Safari hii Mama Faili hakuja kwa miguu. Alikuja na pikapu, dereva na vijana wawili wa kubeba, na uso wake haukuwa wa siku zote.

"Fundi, mwenyewe yupo?"

"Kasafiri."

"Leo nimekuja na hati. Faili lilikwenda juu, na hiki ndicho kilichorudi." Akanionyesha karatasi yenye mihuri. "Sina ruhusa ya kuvunja kufuli. Lakini kilichopo wazi uani, chote nachukua."

Wakaingia uani. Wakaitoa mashine, mpira wake ukiwa bado unadondosha maji. Wakatoa meza kubwa ya pasi. Mimi nimesimama, mikono mgongoni, najiambia hayo ni mambo ya mkopo, hayanihusu. Kisha dereva akanyoosha mkono akaanza kung'oa nguo kwenye kamba, shuka baada ya shuka, vibanio vinaruka huku na huku.

"Jamani, hizo siyo zake!" nikapiga kelele. "Hizo ni za watu!"

Mama Faili akamwinulia dereva mkono asimame.

"Za watu gani?"

"Wateja."

"Risiti zake ziko wapi?"

"Hatumii risiti. Anatumia nyuzi."

"Nyuzi." Alipumua kama mtu aliyepandisha ngazi nyingi. "Fundi, tazama. Karatasi yangu inasema mali yote iliyopo kwenye eneo la mdaiwa. Kama siyo yake, aseme mwenyewe. Neno moja tu linatosha, nachukua mashine naacha nguo. Mimi mwenyewe sizitaki. Mashuka mabichi ya watu nitayaweka wapi? Ngoja nimpigie."

Akatoa simu, akabonyeza. Na simu ikalia. Ililia ndani ya chumba cha mbele, nyuma ya kufuli langu, ule mlio wake wa kinanda ambao mtaa mzima unaujua. Ililia mara moja na nusu, ikazimwa.

Wale vijana wawili waliangalia chini. Mama Faili aliliangalia kufuli, kisha akaniangalia mimi, na kwenye macho yake hakukuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananingoja. Nilikuwa na ufunguo mfukoni, nausikia umebana paja langu. Kuutoa ilikuwa kazi ya kupepesa jicho. Na ndani, mtu aliyekuwa anaweza kuokoa nguo za watu kwa kusema "nipo" alikuwa amekaa kimya, kwa sababu kusema "nipo" siku ile kulikuwa ni kukiri Alhamisi tisa za uongo.

"Alisahau simu," nikasema mimi.

"Alisahau simu," Mama Faili akarudia polepole. "Basi kasafiri."

Akamwashiria dereva. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na gunia la nguo ambazo zilikuwa bado hazijafuliwa. Shati la buluu lilitolewa mwisho, bado linachuruzika, likatupwa juu kabisa ya rundo. Pikapu haikuwa na turubai. Ikaondoka.

Nilipofungua mlango nilimkuta Kola amekaa kwenye kigoda, simu mkononi, uso umepauka. Pasi ilikuwa kando yake, imepoa. Hakuniuliza kuhusu mashine.

"Umeona? Wamechukua na shati la mama."

Nilimchukia kidogo siku ile, nawaambia ukweli, na nilijichukia zaidi.

Habari mbaya haihitaji kubebwa. Kufikia jioni mlango ulikuwa umejaa watu. Msimamizi wa hoteli alikuja kuulizia sare thelathini, na maneno aliyoyatoa siwezi kuyarudia hapa. Fundi umeme mmoja, mpole kuliko sisi sote, aliuliza tu: "Ulikuwa ndani, Kola? Wanasema ulikuwa ndani." Kola akainamisha kichwa. Yule bwana akageuka akaondoka, na nadhani hilo lilimuuma Kola kuliko matusi ya hoteli. Shemeji aliporudi na kusikia yote, alikaa uani chini ya kamba tupu akaokota vibanio kimoja kimoja mpaka vikaisha. Hakumgombeza. Hakuwa na nguvu.

Siku ya tatu, Jumapili, akaja yule mjane. Ilikuwa ndiyo siku yake ya kuchukua shati. Kola alisimama, akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, akamweleza. Alimweleza yote, mpaka kufuli, mpaka simu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikutamani kusikia, lakini niliona ni haki yangu kusikia.

Mama akafungua mkoba wake.

"Nilikuwa nimekuletea hii, mwanangu," akasema. "Niliikuta ndani ya shati nilipolikunjua Jumatano. Nikaona ina jina lako na haijafunguliwa. Nikasema labda imeingia kwa bahati mbaya, lakini nikaisahau mezani nilipoleta shati, nikaona nitamrudishia siku ya kulichukua. Ilikaa kabatini kwangu mwezi mzima, nami sina habari."

Ilikuwa ile bahasha ya kaki. Imekunjwa mara moja, imenyooka vizuri.

Kola akaifungua pale pale. Akasoma, kisha akanipa mimi nisome. Ilikuwa barua fupi. Sitasahau maneno yake: *Tunaelewa kwamba huenda huwezi kulipa deni lote kwa sasa. Ukifika ofisini kabla ya tarehe ishirini na tano ukiwa na sehemu yoyote ya malipo, tutapanga upya marejesho yako na hatutachukua hatua nyingine.* Sehemu yoyote. Tarehe ishirini na tano ilikuwa imepita kwa siku chache tu. Dawa yetu ilikuwa imelala kabatini kwa mjane, ndani ya shati la marehemu, na aliyeiweka pale ni mgonjwa mwenyewe.

Yule mama hakuuliza barua inasema nini. Aliuliza kitu kimoja.

"Mtalipata?"

"Kesho asubuhi naenda, mama," Kola akasema.

Jumatatu tukaenda pamoja, mimi na yeye. Mfukoni Kola alikuwa na kiasi ambacho hakikufika hata robo. Mama Faili alikuwa kwenye meza ndogo karibu na choo, chini ya meza kavua viatu. Alipotuona hakushangaa.

"Umerudi safari," akasema.

"Sikusafiri," Kola akajibu. "Nilikuwa ndani. Siku zote nilikuwa ndani."

"Najua. Kwa nini hukuja?"

"Sikuwa nazo zote."

"Nani alikwambia tunataka zote?"

Hakuna aliyemwambia. Alijiambia mwenyewe, na mimi nikamsaidia kuamini.

Ilichukua chini ya saa moja. Saa moja, ndugu zangu, baada ya miezi mitatu ya kujificha. Walipokea kile kidogo, wakamwandikia stakabadhi, wakapunguza malipo ya kila mwezi na kuongeza muda. Gharama za pikapu na hati zilipachikwa juu ya deni, kwa hiyo sasa anadaiwa zaidi kuliko kama angefika mapema. Mashine ilibaki stoo kwao mpaka alipe theluthi ya deni. Nguo waliziachia siku ile ile.

Stoo ilikuwa na joto, na mashuka mabichi yalikuwa yameanza kunuka uvundo. Kola alipiga magoti akazikagua moja moja, anageuza kola, anatafuta uzi. Nyekundu na njano, huyu ni wa hoteli. Nyeusi na nyeupe, huyu fundi umeme. Hakukosea hata moja. Alimaliza rundo, akaanza upya, akamaliza tena. Uzi mweupe na kijani haukuwemo.

Dereva alikumbuka kuwa kuna vitu vilipeperuka kwenye barabara kubwa. Hakusimama. Alisema alidhani ni tambara.

Tulitembea barabara ile kwenda na kurudi, mimi upande huu, Kola upande ule, tunaangalia mitaroni. Tulirudi tena kesho yake, na keshokutwa. Kola alimwendea mjane kumwambia, na akamwambia atamnunulia lingine, buluu vile vile, kitambaa kizuri, hata kama ni kwa kukopa. Yule mama alimshika mkono.

"Usikope, mwanangu," akasema. "Na jipya nitalifanyia nini? Hilo marehemu hajawahi kulivaa."

Imepita miezi saba sasa. Shemeji amerudi kuinama kwenye beseni, ingawa mashine inakaribia kurudi. Hoteli haikurudi. Nusu ya wateja hawakurudi, na wanaorudi wanadai risiti, kwa hiyo Kola amenunua kitabu cha risiti na anakiandika kwa shida, mikono yake imezoea pasi kuliko kalamu. Nyuzi bado anashona. Kila Alhamisi hupeleka alichonacho, na wiki asiyoweza kwenda, Mama Faili hupitia mwenyewe. Juzi alipita saa nne. Mtoto alikuwa mlangoni, shule zimefungwa. Alimwona, akasita, akamgeukia baba yake kama anayeuliza aseme nini leo.

"Sema ukweli, mwanangu," Kola akamwambia.

"Baba yupo," mtoto akasema.

Mwisho wa mwezi yule mjane hupita mbele ya duka akienda sokoni. Husalimia vizuri tu, hana kinyongo. Mikononi hana kitu.

Funzo la kisa hiki

Wakazi wenzangu, deni siyo dhambi, na kupungukiwa kunampata kila mtu. Kinachobomoa nyumba ni kujificha. Ukishindwa kulipa yote, nenda na ulichonacho, hata kama ni kidogo mpaka unaona aibu kukitoa mfukoni. Nenda mapema, kabla faili halijafika kwa wasiokujua. Sema kilichokupata. Fungua barua, hata kama unaogopa, maana barua isiyofunguliwa haiachi kusema yaliyomo. Ukitoa fedha dai stakabadhi, na ukipewa muda wa kulipa, usiahidi kiasi ambacho unajua huna, kwa sababu utarudi kule kule nyuma ya mlango. Na usimfundishe mtoto wako kusema hupo wakati upo. Siku utakayomhitaji aseme kweli hatajua ni siku ipi.

Na wewe jirani, neno langu la mwisho ni kwako, maana ni kwangu pia. Rafiki yako akikuomba umfungie kwa nje, kataa. Mkasirishe, agombane nawe, lakini kataa, kisha umsindikize kule anakoogopa kwenda. Nilidhani nalinda siri ya mtu, kumbe nilikuwa nimeshika mlango wakati anazama. Kufuli Kola alilitupa. Ufunguo hakuniomba, nami sikumrudishia. Umo ndani ya kopo langu la misumari, na kila nikitafuta msumari mdogo nauona.